Kwa Nini Wanaoanza Mazoezi Huishia Njiani

Januari ikiingia, njia ya kutoka Coco Beach hadi Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam hujaa watu kabla jua halijapanda. Raba bado zina rangi ya dukani, fulana ndiyo kwanza zimetolewa kwenye mfuko. Jioni ni zamu ya jimu, ambako darasa la aerobiki hukosa nafasi ya kunyoosha mikono bila kumgusa jirani. Masika yakianza, wengi wa wageni hao hawaonekani tena. Hawajahama wala hawajafukuzwa. Wameacha tu, na ukiwauliza watakwambia ni uvivu wao.

Lawama hiyo ndiyo inayopaswa kuchunguzwa. Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri wiki tatu mfululizo, anayelipa ada kutoka kwenye mshahara mdogo, si mvivu. Kuna kitu kimemwondoa, na mara nyingi ni ushauri aliopewa. Mmoja amemwambia siri ni nidhamu, mwingine amemwambia alipie mwaka mzima ili fedha imuume. Yupo aliyemsukuma ajiunge na kikundi, na yupo aliyemhakikishia kwamba akivumilia siku 21 mwili utazoea na mambo yatajiendesha. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Ugumu ni kwamba ukifuata yote kwa pamoja, mengine yanabomoa mengine.

Namba zinazozunguka mitaani

Tuanze na hizo siku 21. Chimbuko lake ni Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1960 alieleza kwamba wagonjwa wake walihitaji kama siku 21, angalau, kuizoea sura mpya kwenye kioo. Hakuwa akizungumzia kukimbia. Neno "angalau" likadondoka njiani, na uchunguzi wa daktari mmoja juu ya wagonjwa wake ukageuka kanuni ya kila kitu.

Utafiti unaogusa jambo lenyewe ulifanyika Chuo Kikuu cha London, UCL, na kuchapishwa mwaka 2010. Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijichagulia tendo dogo la kurudia kila siku. Wastani wa siku za tendo kufikia hali ya kufanyika bila kujisukuma ulikuwa 66, lakini tofauti ilikuwa kubwa mno: kuanzia siku 18 hadi 254. Waliochagua mazoezi walichelewa kuliko waliochagua kunywa glasi ya maji. Kwa hiyo mtu anayefika siku ya 22 akiona bado anajilazimisha, yuko pale ambapo wengi huwa. Kanuni ya siku 21 inamfanya ajione ameshindwa wakati safari yake ndiyo inaanza.

Namba nyingine ni hatua 10,000 kwa siku. Hii ilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kikiwa na jina lenye maana ya kipima hatua elfu kumi. Ilianza kama jina la bidhaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, halikuweka hesabu ya hatua. Linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Tena liliondoa sharti la zamani lililotaka kila zoezi lidumu angalau dakika 10 ndipo lihesabiwe. Dakika tano za kutembea haraka kwenda kituo cha daladala zinahesabika.

Serikali nazo zimeingia kwenye jambo hili. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais wa Tanzania, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Mwaka huo huo Kigali ilianza siku ya kufunga barabara kwa magari ili watu watembee, wakimbie na waendeshe baiskeli. Haja ipo: takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, karibu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango hicho cha mazoezi. Wito wa kuanza, basi, haupungui. Kinachokosekana ni maelezo ya wiki ya tatu, ya sita na ya kumi.

Mwili unavyolipokea jambo jipya

Kabla ya kupima hoja za ari, lazima tujue mtu huyu anapitia nini mwilini, kwa sababu mengi yanayoitwa kukosa ari ni taarifa sahihi kutoka kwenye miguu na mapafu.

Mgeni wa mbio hukimbia haraka mno. Anakumbuka alivyokuwa akikimbia sekondari, anatoka kwa kasi ile, na baada ya dakika tatu pumzi imekata, kichomi kimemshika ubavuni na moyo unagonga masikioni. Anahitimisha kwamba hana mwili wa mbio. Mtafiti Panteleimon Ekkekakis na wenzake wameonyesha kwa miaka mingi kwamba zoezi likivuka kiwango fulani cha ukali, pale mwili unapoanza kuhema bila kukidhi haja yake, karibu kila mtu hujisikia vibaya. Chini ya kiwango hicho wengi hujisikia vizuri au kawaida. Kwa asiyezoea, kiwango hicho kiko chini sana. Kukimbia taratibu tu kunaweza kumvusha, na kutembea haraka kunaweza kumtosha kabisa. Mtu akirudi nyumbani kila mara akiwa na kumbukumbu ya mateso, akili yake itatafuta sababu ya kutorudi, na itaipata.

Hapa pwani kuna jambo ambalo washauri wachache hulitaja. Januari na Februari ni kati ya miezi yenye joto kali zaidi Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa. Joto likichanganyika na unyevunyevu, jasho halikauki, na moyo hupiga haraka zaidi kwa mwendo ule ule. Mwili unahitaji takribani wiki mbili za mazoezi kwenye joto kuanza kulimudu. Maana yake, umati mkubwa wa wageni huanza katika msimu mgumu kuliko yote, na kila mmoja hudhani udhaifu ni wake. Mtu yule yule akianza Julai, upepo wa kusi ukivuma, angeyaona mazoezi yale yale kuwa mepesi.

Kisha kuna tofauti ya kasi kati ya viungo. Moyo, mapafu na damu huanza kubadilika ndani ya wiki chache. Kano na mifupa hukawia, huhitaji miezi. Ndiyo maana hatari huja pale mtu anapoanza kujisikia vizuri: pumzi inamruhusu kukimbia kilomita nane, lakini muundi na kisigino bado ni vya mtu wa kilomita tatu. Maumivu ya muundi yakimlaza wiki mbili, hatasema mifupa haikuwa tayari. Atasema ari imeisha.

Uzito nao unastahili kutajwa, maana wengi huanza kwa ajili ya kitambi. Mazoezi peke yake, bila kugusa sahani, hupunguza uzito kidogo na polepole. Aliyeweka mizani kuwa hakimu wake pekee atahukumiwa vibaya mwezi wa kwanza, hata kama usingizi umetulia na ngazi za ofisini hazimhemeshi tena.

Halafu kuna historia tuliyonayo sisi wenyewe na viungo vyetu. Shuleni, aliyechelewa namba alizungushwa uwanja. Aliyepiga kelele darasani alirukishwa kichurachura au kupigishwa pushapu mbele ya wenzake. Miaka ishirini baadaye mtu huyo anaingia jimu na zoezi la kwanza analopewa ni lile lile la kuchuchumaa na kuruka. Mwalimu hana nia mbaya, lakini mwili una kumbukumbu zake, na kwa watu wengi wa rika la makamo zoezi limefanana na adhabu tangu utotoni.

Hoja ya kwanza: nidhamu

Wanaosimamia nidhamu wanasema ari ni hisia, huja na kuondoka, hivyo asiyetaka kuyumba aamke tu hata asipojisikia. Nguvu ya hoja hii ni kwamba inamwondolea mtu mjadala wa kila asubuhi. Anayejua Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ni siku za mbio, na nguo ameziweka kando ya kitanda tangu usiku, hapotezi nusu saa akijiuliza.

Udhaifu wake ni kwamba inageuza kila dalili kuwa uvivu. Hoja ya nidhamu hupenda mifano ya mashujaa, na kwetu jina linalotajwa kuliko yote ni John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 lakini akamaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Heshima yake ni ya haki. Lakini Akhwari alikuwa mwanariadha wa kimataifa mwenye miaka ya mazoezi miguuni, akiwakilisha taifa katika siku moja ya maisha yake. Kumpa mfano huo karani anayekimbia wiki ya pili na goti linalovimba ni kumpeleka hospitali.

Mabingwa wenyewe hawaishi hivyo siku kwa siku. Eliud Kipchoge alipoweka rekodi ya 2:01:09 mjini Berlin mwaka 2022, alikuwa akitumia kama dakika 2 na sekunde 52 kwa kila kilomita. Mazoezi yake mengi huyafanya kwa mwendo wa chini sana kuliko huo, na ndivyo ilivyo kwa wakimbiaji wengi wa Bonde la Ufa. Kinachotazamwa na umma ni siku ya mashindano. Kinachojenga mkimbiaji ni mamia ya asubuhi za mwendo mwepesi ambazo hakuna anayezipiga picha.

Hoja ya pili: fedha

Ushauri wa kulipa mapema una mantiki yake: ukishatoa fedha, utaona uchungu usipoenda. Wachumi wameupima. Mwaka 2006 Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wanachama 7,752 wa jimu tatu za Marekani katika kipindi cha miaka mitatu. Waliochagua kulipa kwa mwezi, zaidi ya dola 70, walihudhuria wastani wa mara 4.3 tu kwa mwezi. Kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, wakati kadi ya ziara kumi ingewapa kila ziara kwa dola 10. Hawakuwa wajinga. Walikadiria mahudhurio yao kwa ari ya siku ya kujiandikisha, na ari ya siku hiyo si ya kila siku.

Uchunguzi mwingine, wa John Gourville na Dilip Soman mwaka 1998, uliwaangalia wanachama waliokuwa wakilipa mara mbili kwa mwaka. Mahudhurio yalipanda mara baada ya malipo, kisha yakashuka mwezi baada ya mwezi hadi malipo mengine yalipokuja. Uchungu wa fedha upo, ila unapoa. Anayelipa mwaka mzima mwezi Januari amenunua msukumo wa wiki chache kwa bei ya miezi kumi na miwili. Kwa mgeni, kulipa kwa siku ni bora, ingawa jimu nyingi hukitangaza zaidi kifurushi cha mwezi au cha mwaka. Akishahudhuria mara nane au tisa katika mwezi mmoja, hapo ndipo kifurushi kina hesabu.

Vipi kuhusu kumlipa mtu ili afanye mazoezi? Mwaka 1971 Edward Deci alionyesha kwamba wanafunzi waliolipwa kutegua mafumbo walivutiwa nayo kidogo zaidi malipo yalipokoma, kuliko wenzao ambao hawakulipwa kabisa. Tangu hapo wengi wamehofia kwamba zawadi huua hamu. Lakini mwaka 2009 Gary Charness na Uri Gneezy waliwalipa wanafunzi wa chuo dola 25 kwa kwenda jimu mara moja na dola 100 zaidi kwa kwenda mara nane katika mwezi uliofuata, na baada ya malipo kwisha waliendelea kwenda zaidi ya wasiolipwa. Faida ilikuwa kwa wale ambao hapo awali hawakuwa wakienda.

Tafiti hizi mbili hazipingani kama zinavyoonekana. Zawadi huharibu hamu iliyopo. Mgeni hana hamu ya kuharibiwa, ana kizingiti cha kuvuka. Kwa hiyo zawadi ndogo mwanzoni haina ubaya, iwe ni ofisi inayochangia ada au mume na mke wanaotunziana akiba ya mazoezi, mradi ilipe mahudhurio na si kilo zilizopungua.

Hoja ya tatu: kundi

Hoja hii ndiyo yenye mizizi kwetu. Aliyepitia shule ya msingi au Jeshi la Kujenga Taifa anaujua mchakamchaka: safu mbili, kiongozi anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, miguu inashuka kwa pigo moja. Vikundi vya jogingi vya mitaani vimeurithi. Jumamosi alfajiri utawasikia kabla hujawaona, fulana za rangi moja, mmoja mbele na bendera, mwingine pembeni akizuia bodaboda. Vinaalikana kwa mabonanza, vinachangiana kwenye misiba, na Zanzibar vikundi vya mazoezi hukusanyika kila tarehe 1 Januari kwa matembezi ya pamoja.

Wimbo huo una kazi kubwa kuliko kuchangamsha. Wataalamu wa mazoezi hutumia kipimo cha maneno: ukiweza kutamka sentensi nzima lakini huwezi kuimba wimbo mzima, uko kwenye mwendo wa wastani, ule unaomfaa anayeanza. Mchakamchaka unaimbwa kwa kupokezana, ubeti kwa kiongozi na kiitikio kifupi kwa kundi, hivyo pumzi inapata mahali pa kurudi. Anayeweza kuitikia yuko sawa. Kiitikio kikimkatika mdomoni, mwendo umemzidi, na kila aliye jirani anasikia. Wazee waliokuwa wakitukimbiza kwa nyimbo walikuwa na kipimo kinachomzuia mtu asijiumize, na hakikuhitaji betri.

Vikundi vipya vya mijini, hasa vinavyojiandaa kwa mbio ndefu, vimebadilisha wimbo kwa saa ya mkononi na programu ya simu inayotangaza dakika kwa kilomita. Kwa mzoefu hicho ni chombo kizuri. Mgeni anajikuta wa mwisho, peke yake, kundi limepotelea mbele, na namba zake zinasomwa na watu mia mbili kwenye simu. Kundi lililopaswa kumshika limegeuka kioo cha udhaifu wake.

Jimu nako kuna kioo, na hiki ni cha kweli. Tazama darasa la aerobiki kwa aliyeingia leo. Spika inapiga singeli, mwalimu ana kipaza sauti shavuni, amewapa wanafunzi mgongo akiwaona kwa kioo. Anasema kulia, nne, geuka, na wenyeji wamegeuka kabla hajamaliza neno. Mgeni amesimama safu ya nyuma ili asionekane. Darasa zima likigeukia ukuta wa pili, safu ya nyuma inakuwa ya mbele, na sasa watu thelathini wako nyuma yake wakati yeye ndiye asiyejua mguu upi unafuata. Jambo hilo linatosha kumfanya mtu asirudi Alhamisi.

Deci na mwenzake Richard Ryan wanasema hamu ya kudumu husimama juu ya mahitaji matatu: kujiona unaweza, kujiona umeamua mwenyewe, na kujiona una watu. Kundi hutoa hilo la tatu kwa wingi. Likiwa na kasi moja kwa wote, linaondoa la kwanza. Likiwa na faini kwa wanaokosa na maneno ya kejeli kwa wazito, linaondoa la pili. Wanawake wengi hupungukiwa yote matatu wakilazimika kukimbia gizani peke yao au kuchangamana kwenye chumba wasichokuwa huru ndani yake. Jimu iliyotenga saa za wanawake, Mombasa au Unguja, haijafanya upendeleo. Imeondoa sababu ya kuacha.

Uingereza walitatua sehemu ya tatizo hili kwa njia rahisi. Tarehe 2 Oktoba 2004 Paul Sinton-Hewitt aliwakusanya wakimbiaji 13 katika bustani ya Bushy Park, London, kwa kilomita tano za bure. Kutokana na hao ikakua parkrun, ambayo leo iko nchi nyingi, Afrika Kusini na Namibia zikiwemo. Kutembea kunaruhusiwa, na kila wiki mtu mmoja wa kujitolea hupangiwa kubaki nyuma kabisa hadi mwisho. Kwa sababu yupo, hakuna mshiriki anayekuwa wa mwisho. Utaratibu huo hauna gharama yoyote.

Hoja ya nne: medali

Jisajili mbio, wanasema, utakuwa na tarehe ya kukusukuma. Kilimanjaro Marathon imekuwa ikifanyika Moshi tangu mwaka 2003, na kando yake sasa kuna mbio za mikoa, mabenki, hospitali na hisani karibu kila mwezi. Ushindi wa Alphonce Simbu katika marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo, Septemba 2025, umeongeza hamasa.

Tarehe husaidia. Shida iko kwenye umbali. Siku hizi kila tukio la barabarani linaitwa marathoni, hata la kilomita tano, wakati marathoni ni kilomita 42.195. Mgeni aliyezungukwa na neno hilo huona kilomita tano ni za watoto na kujisajili 21 akiwa na wiki nane za maandalizi. Akimaliza, anapata medali na magoti yanayouma. Jumatatu hana lengo tena. Mbio inamfaa anayeanza ikiwa ni kilomita tano, na ikiwa ameshapanga Jumanne inayofuata atafanya nini.

Siku ya kukosa

Hoja zote nne zinazungumzia kuhudhuria. Hakuna hata moja inayozungumzia kukosa, na hapa ndipo naona penye uzito kuliko pote.

Mwaka 2021 Katy Milkman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha jaribio kubwa lililohusisha wanachama 61,293 wa mtandao mmoja wa jimu Marekani. Walijaribu programu 54 za wiki nne za kuwafanya watu wahudhurie: ujumbe, zawadi, mipango, mashindano. Asilimia 45 ya programu hizo ziliongeza mahudhurio wakati zikiendelea. Asilimia 8 tu zilionyesha mabadiliko baada ya wiki hizo kwisha. Na iliyofanya vizuri kuliko zote ilitoa nyongeza ndogo, isiyofika senti 10 za dola, kwa mtu aliyerudi baada ya kukosa siku aliyopanga.

Thamani hiyo hainunui kitu. Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni kwamba mtu aliambiwa mapema kwamba kukosa kumetarajiwa, na kurudi kunahesabiwa. Watafiti wa London nao waliona kwamba kukosa siku moja hakukuathiri kwa maana ujengaji wa mazoea. Kinachoua ni tafsiri: nimekosa, basi nimeshindwa, basi nitaanza upya Januari.

Maisha ya hapa yana mapengo yanayojulikana. Ramadhani inakuja kila mwaka. Masika hufunga njia kuanzia Machi hadi Mei. Kuna homa, kuna msiba wa kijijini wa siku nne, kuna kufunga hesabu za mwezi ofisini. Mpango usio na nafasi ya mambo hayo ulitungwa kwa ajili ya mtu asiye na ndugu. Aliyefunga Ramadhani anaweza kutembea dakika 20 kabla ya futari au baada ya tarawehe, akahesabu mwezi huo ni wa kushikilia uzi, si wa kupanda. Aliyelala na homa wiki nzima arudi hatua moja nyuma ya pale alipoishia, kwa wiki moja, kisha aendelee. Mvua ikinyesha, ngazi za jengo na kamba ya kuruka vipo.

Mizani inavyoegemea

Nikiziweka hoja hizi pamoja, sioni sababu ya kuchagua moja na kuzitupa nyingine, lakini zina mpangilio. Kasi inatangulia yote. Nidhamu, fedha, kundi na medali haviwezi kumbakiza mtu kwenye jambo linalomtesa kila anapolifanya. Zoezi likiwa la kuvumilika, msukumo mdogo unatosha.

Mfano mzuri wa kasi hiyo ni mpango uliotungwa na Josh Clark mwaka 1996, ambao baadaye Huduma ya Afya ya Uingereza iliutumia kuwafikisha watu kilomita tano kwa wiki tisa. Siku tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza unatembea dakika tano, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, ukirudia kwa dakika 20. Wengi huuona ni mdogo mno kiasi cha aibu. Udogo huo ndio unaompa mtu kile Deci na Ryan wanachokiita kujiona unaweza, siku ya kwanza, kabla mwili haujabadilika hata kidogo. Na asiyeweza sekunde 60 akimbie 30. Kwa jimu, sawa na hilo ni kuchagua mwalimu mmoja na darasa moja, mara mbili kwa wiki, kufika dakika kumi kabla na kumwambia kwamba wewe ni mgeni. Hatua za aerobiki hujirudia, na aliyeziona mara kadhaa hahitaji tena kumtazama jirani.

Baada ya kasi linakuja kundi, ila kundi la mwendo wako. Rafiki mmoja anayekimbia polepole kama wewe anakufaa kuliko klabu ya watu hamsini wanaokuacha kwenye taa za kwanza. Fedha na medali ni viungo vya mchuzi, vinatiwa mwishoni na kwa kiasi. Nidhamu inabaki na kazi moja, nayo ni nzito: kurudi baada ya kukosa.

Kwa viongozi wa klabu, ombi ni dogo. Pangeni mtu wa nyuma kila Jumamosi, mwenye uzoefu, ambaye kazi yake ni kubaki na wa mwisho. Mwezi wa kwanza wa mgeni msimuulize dakika kwa kilomita. Na rudisheni wimbo, angalau kilomita ya kwanza, muweze kusikia nani kiitikio kimemkatika.

Kwako uliyeacha masika yalipoanza: usingoje Januari. Juni asubuhi zina ubaridi, njia ya daraja ina nafasi, na sekunde 60 za kwanza ni zile zile.